Siku Baba Alipobandikwa Kwenye Nguzo za Nyamuswa

Mpaka leo kuna watu wakiniona Nyamuswa wanacheka kabla hata hatujasalimiana, na sina cha kuwafanya, maana nilijitakia mwenyewe. Naona aibu kuisimulia, lakini bora muisikie kwangu kuliko kwa wale bodaboda wa senta, ambao wameshaongeza chumvi mpaka imekuwa hadithi nyingine.

Mimi ni mbunifu wa grafiki. Nina kiofisi changu Musoma, maeneo ya Nyasho, chumba kimoja na kompyuta yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga, natengeneza kadi za harusi, mabango ya maduka, nembo za saluni, na kazi naipenda kweli. Shida yangu ni baba. Baba ni mfugaji, mzee wa kigango, mtu wa maneno machache, na aliuza ng'ombe ili nisome akijua nitarudi mwalimu au nesi. Niliporudi na cheti cha dizaini akaniuliza, "Sasa mama, hiyo kazi mtu anaionaga wapi?" Nikaeleza weee mpaka nikachoka. Tangu hapo watu wakimuuliza binti yako yuko wapi anajibu, "Yuko Musoma huko, ofisini," basi, anageukia ng'ombe wake. Ofisi yenyewe hajawahi kuikanyaga. Anakuja mjini kununua dawa ya kuogesha mifugo, anarudi zake, na mimi nasikia kwa mama kwamba baba yako alikuwa huko. Jamani inauma, sitawaficha. Nilitamani hata mara moja tu amwonyeshe mtu kitu aseme hiki katengeneza mwanangu.

Sasa akaja mteja, muuza dawa za asili, watu wanamwita Dokta (udokta wake msiniulize), anataka tangazo la dawa ya mgongo. Nikamwonyesha picha za wazee wa mtandaoni, akazikataa zote. "Hawa hawajawahigi kushika hata jembe. Nitafutie mzee wa kwetu." Ndipo nikakumbuka picha niliyompiga baba Krismasi, amesimama zizini na koti lake la kanisani, fimbo mabegani, anamtazama ndama aliyezaliwa asubuhi ile, na anatabasamu (picha zake nyingine zote anaonekana kama anasubiri kuchomwa sindano). Nikaiweka bila kumwomba ruhusa, nikijiambia nitamshtukiza, nikaandika juu "Mgongo Umenyooka", na nawaambieni lilikuwa tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya.

Kosa lilikuja siku Dokta alipofuata mzigo wake. Akasema anataka kubadilisha maneno kidogo, aongeze namba ya simu, na mimi nilikuwa na kadi za watu wenye haraka, kwa hiyo badala ya kumwambia akae asubiri nikamtumia faili lenyewe la kazi, lile ambalo kila herufi inabadilishika, nikamwambia mpe yule mpwa wako mwenye kompyuta amalizie. (Wenzangu wa fani hii mmeshashika vichwa, najua.)

Siku chache baadaye, Jumamosi jioni, akanipigia kwa furaha kwamba matangazo yamebandikwa mchana huo Bunda, Nyamuswa, mpaka kwenye kivuko Kisorya. Sikwenda kuyaangalia, nilimpigia baba kwanza. "Baba, kesho nakuja. Kazi yangu imebandikwa hapo hapo senta, nataka ukaione."

Akasema, "Haya mama. Tutaiona wote."

Sikujua wote ni akina nani. Jumapili ibada ilipoisha baba akasimama mlangoni mwa kanisa akawazuia wazee wenzake, na katekista, na akina mama wa kwaya waliokuwa wanatoka, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Msiondoke kwanza. Twendeni mkaone kazi ya binti yangu."

Kazi ya binti yangu! Nilitembea nyuma yao nimekumbatia mkoba, natamani ile barabara isiishe.

Tulipofika kwenye nguzo ya kwanza wazee wakajipanga vizuri, mmoja akatoa miwani. Baba alikuwa pale kwenye karatasi, koti, fimbo na tabasamu lake, ila ndama wamemfuta, na juu ya kichwa chake kuna herufi nyekundu ambazo mimi sikuziandika: MZEE AMERUDI UJANANI! Chini yake, nguvu za kiume, matokeo siku hiyo hiyo.

Katekista akasoma kwa sauti mpaka mwisho (ni mazoea yake, akiona maandishi anasoma). Akina mama wa kwaya wakajifunika midomo kwa vitenge, mabega yanacheza. Bodaboda mmoja akapiga kelele, "Kumbe mzee mwenyewe ndiye huyu! Shikamoo mzee, dawa inafanya kazi?" Na Mzee Wambura, rafiki wa baba tangu wakichunga pamoja, akauliza polepole, "Sasa hapo kazi ya binti ndiyo ipi?"

Hilo swali ndilo lililonimaliza. Nikisema si mimi, basi pale sina kazi yoyote, na nikisema ni mimi, Mungu anisaidie.

Baba hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliniuliza tu, "Hii picha ulinipigaga lini?"

"Krismasi, Baba."

"Ndama yuko wapi?"

"Wamemtoa."

Akatikisa kichwa, akawaambia wenzake, "Mimi sijawahigi kunywa hii dawa," akashika njia ya nyumbani peke yake, na wazee wakabaki hawajui wamfuate au wasome vizuri ile namba ya simu.

Dokta aliyabandua matangazo yake (nilimlilia kwenye simu mpaka akaona aibu), lakini maneno yalishasambaa. Wanaume walimfuata baba zizini, wengine kutoka huko Suguti, wanajifanya wanauliza bei ya ndama, halafu wanainama kumnong'oneza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka, na kazi yangu hakuitaja tena, si kanisani wala nyumbani.

Mpaka majuzi akanipigia mwenyewe. Akaongea mvua, akaongea majani yamekauka, nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema, "Ile picha. Yale maneno yanatokaga?"

"Yanatoka, Baba."

"Na ndama anarudishwaga?"

"Anarudi, Baba."

"Haya," akakata simu.

Basi, faili la kazi simpi mtu tena, hata awe mjomba wangu, na sura ya mtu siibandiki popote kabla hajaniambia sawa mwenyewe. Picha nimeshaichapa, kubwa, ndama yumo, maneno hakuna, nimeitundika ukutani mbele ya kiti cha wateja. Mama anasema niipeleke tu nyumbani yaishe. Mimi sitaki. Nataka aje aichukue mwenyewe, akae kwenye kile kiti, aone ninapofanyia kazi. Kila mtu mrefu mwenye fimbo akiziba mwanga pale mlangoni nainua kichwa haraka. Mpaka sasa wamekuwa wateja tu.