Mkono wa Kornelia

Kornelia hakuupenda mpira ule tangu siku ya kwanza, ule wa Kimarekani unaobebwa mikononi, wanaume wamevaa kofia ngumu wakigongana kama mabeberu. Lakini mwanawe Athanasi, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania na kukulia mtaa wa Beechmont, hapa Louisville, Marekani, alikuwa na miguu ya mbio. Kazi yake uwanjani ilikuwa kupewa mpira na kupenya nao katikati ya watu waliotumwa kumwangusha. Miguu hiyo ikampeleka chuo huko Columbus, kisha Buffalo, kwenye timu ya kulipwa.

Ndipo Reginaldi akakumbuka kuwa ni baba. Alimtelekeza Kornelia na watoto kambini akafuata mwanamke mwingine, na sasa alikuwa akihojiwa kwenye televisheni: "Mwanangu amerithi mbio zangu." Mbio zake Kornelia alizijua vizuri.

Halafu Athanasi akagongwa kichwa, akagongwa tena. Siku moja alitoka dukani Cheektowaga, kando ya Buffalo, akashindwa kukumbuka njia ya nyumbani kwake. Daktari alisema aamue mwenyewe kama ataendelea kucheza. Timu ikamwita kwa msimu mpya, naye akaja Louisville kuaga kanisani, maana kwao mtoto haondoki kabla mzazi hajamwekea mkono kichwani.

Mchungaji alipowaita wazazi, Reginaldi aliwahi mbele, suti inang'aa.

"Mama Athanasi, njoo basi," akanong'ona. "Watu wanatutazama."

"Wakutazame wewe, si ndicho ulichokuja kutafuta?"

Athanasi akapiga magoti. Kornelia akainua mkono, akaona kovu juu ya nyusi, akaurudisha.

"Kichwa hiki nimekiosha mimi," akasema. "Sikibariki kikagongwe tena."

Reginaldi akacheka. "Nipo mimi baba yake, nitambariki." Akanyoosha mkono. Athanasi akainamisha kichwa pembeni, akaukwepa kama alivyowakwepa watu uwanjani.

"Samahani, mzee. Ninayemngoja ni Mama."

Kornelia akamwinamia. "Unabaki?"

"Nabaki, Mama."

Ndipo mkono ukatua.

Leo Athanasi anafanya kazi ghalani, na Jumamosi anawafundisha watoto kukimbia kwenye bustani ya Iroquois. Reginaldi hapigi simu tena. Kornelia hajamsamehe, wala hana haraka. Ila jioni, mwanawe anapoingia mlangoni bila kumuuliza mtu njia, akifunua sufuria kabla hajavua viatu, humgombeza kwa sauti kubwa, na moyo wake umetulia.