Chuo kikuu kilijenga kaushio la muhogo Maneromango, kuku wakahamia

Wakuu, vuteni viti mnisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mwenye haraka ya kuandika "chai" asubiri nimalize.

Nina duka la unga Maili Moja, Kibaha. Unga wa muhogo nachukua kwa kikundi cha akina mama wa Maneromango, kule Kisarawe. Mwenyekiti wao ni Mama Neema, Mzaramo, mzee wa kanisa.

Shida ilikuwa masika. Unga ulikuja unanuka uvundo, wateja wakawa wananirudishia. Nikamwambia Mama Neema kwamba mzigo ujao ukinuka nahamia kwa wengine. Na mnunuzi wao nilikuwa mimi peke yangu.

Hapo ndipo chuo kikuu kimoja kikaja kusaidia biashara ndogo. Nisiwaonee, nia yao ilikuwa njema. Tulipigwa semina na projekta, mimi mnunuzi nikiwemo, "mnyororo wa thamani" mpaka tukauota.

Wakajenga kaushio: kibanda cha nailoni ngumu. Unaanika muhogo ndani, jua linapita, mvua inabaki nje.

Niwafafanulie msiojua. Muhogo ukishamenywa na kuoshwa haumngoji mtu. Ukichelewa kukauka, unavunda.

Sasa kaushio likawekwa juu kilimani, kando ya barabara, wageni wa magari walione. Kisima kiko bondeni. Yaani mama apande kilima chote na beseni la muhogo uliolowa.

Hakuna aliyepanda. Wakaendelea kuanika kwenye mikeka, na mvua ikaendelea na kazi yake.

Kaushio likapata wapangaji: kuku. Joto zuri, nguchiro haingii, kodi hakuna. Chuo kikitangaza ziara, kuku wanafukuzwa, panafagiwa, unaanikwa muhogo wa maonyesho.

Mtauliza kwa nini hawakusema. Jamani, mgeni amekujengea kitu, utamwambiaje amekosea? Kila wakiulizwa walijibu kwamba wanashukuru sana.

Siku moja nimefuata mzigo, maana kuhama nilitishia tu, nikawakuta wanakula na mhadhiri mwenye mradi, Dokta Mihayo, mtu mpole. Mama Neema akamuuliza kwa adabu zote kwao ni wapi. Akasema Tabora, yeye ni Mnyamwezi.

Akina mama wakaangaliana. Mama Neema akanyoosha mkono kwenye sahani ya dokta.

"Mnyamwezi? Muda wote huu nakupa heshima bure. Lete hicho kipande cha samaki."

Akakichukua kweli, akala.

Kwa wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukusema hata msibani kwako na huna ruhusa ya kununa.

"Babu zako walipita huku na mizigo kichwani," akaendelea, "sasa umeweka banda kilimani ili na sisi tuwe wapagazi. Mtani, sisi hatubebi. Mule wanalala kuku."

Dokta alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha naye akafunguka.

"Basi na mimi nilikuwa nawastahi. Unga wenu unanuka, mtani. Mnakata mapande kama magogo kwa haraka ya kuwahi ngoma. Jua lenyewe linakata tamaa."

Hakununa mtu. Chakula kilipoisha walikuwa wameshakubaliana: banda lishuke bondeni karibu na kisima, na dokta alete mashine ya kuparazia, muhogo uwe chenga ndogo na ukamuliwe maji kabla ya kuanikwa.

Mzigo uliofuata niliufungulia dukani, nikaingiza pua nzima kwenye gunia. Unanukia muhogo tu. Nachukua kwao mpaka leo, masika na kiangazi. Waliopata hasara ni kuku.

Nilichojifunza: chuo kina utaalamu, wenyeji wanaijua ardhi yao, lakini adabu ikizidi, vyote viwili vinakaa kimya mezani. Mababu walishatupa dawa, sisi tunaitumia misibani tu.

Wenye visa vya miradi ya kwenu, mwageni hapa chini.

Na mradi ukija kijijini kwako, kabla projekta haijawashwa, waulize wageni makabila yao. Ukimpata mtani, mkalishe karibu na mama mwenye ulimi mkali, kisha mwondolee samaki.