Fahali Yumo Bandani

Mwanaasha binti Ngwali bin Kificho, wa Mtambile, Pemba. Babu yake Kificho alichimba kisima ambacho hakijakauka mpaka leo. Baba yake Ngwali alimchezea fahali kwa kitambaa cha mkono; kitambaa kikachanika, yeye akatoka mzima. Na Mwanaasha mwenyewe ndiye aliyekuwa akitoa nyimbo kwenye mchezo wa ng'ombe, na mwenye fahali akishaimbwa naye haruhusiwi kununa. Ndiyo ada ya uwanja.

Kiangazi cha mwaka sitini na tatu, nduguye Ame alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: fahali mweusi aitwaye Mtapita Wapi, na mwanawe Bakar. Bakar alikuwa amepata nafasi ya kusoma sheria katika chuo kikuu kipya kule Dar es Salaam, kisichotimiza hata miaka miwili tangu kifunguliwe. Mtambile hakuna aliyewahi kuitwa chuo kikuu. Ame alitangaza msikitini, akatangaza dukani, akatangaza mpaka kwenye majamvi ya karafuu. Lakini radhi ya kwenda hakuitoa.

"Sheria? Kadhi si yupo mjini Chake!" alisema. "Na karafuu nani ataanika?"

Bakar hakubisha. Mpemba gani atapanda chombo bila radhi ya babake? Akamwendea shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uso huo wako, au umeazima?"

Akamweleza yote. Mwanaasha hakuacha kupepeta mchele wake. "Ijumaa baada ya sala kuna ng'ombe," akamwambia. "Wewe mlete Mtapita Wapi. Mengine niachie."

Ijumaa ikafika, zumari likalia. Ame kavaa kanzu yake ya Idi, Mtapita Wapi kwenye kamba ndefu anachimba vumbi. Mwanaasha akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, ngoma kwapani, akatoa:

Fahali yumo bandani,
sifa zake mitaani;
pembe hazijulikani
hadi ende uwanjani!

Wanawake wakapokea. Ame akacheka. "Dada, macho huna? Fahali wangu si huyu hapa!"

"Huyo wa miguu minne tunamwona," Mwanaasha akajibu. "Tunamuulizia wa miguu miwili!"

Uwanja ukalipuka. Wimbo ukarudi, na safari hii wanaume nao wakaupokea, hata walioshika kamba, mpaka fahali akasimama kuwashangaa. Ame akamtazama Bakar, aliyeinamisha kichwa kwa haya. Kukasirika hawezi, kuondoka hawezi. Akavua kofia, akajipepea, na kicheko kikamshinda.

"Basi, basi, mmenimaliza! Nenda, baba. Radhi yangu unayo, dunia na akhera. Lakini likizo zako ni za karafuu, unasikia?"

Vigelegele vilivyopigwa vilifika barabarani.

Wakati wa kurudi, Mwanaasha alifuatana na Mize, mdogo wake Bakar, aliyekuwa darasa la sita na ambaye sauti yake siku ile ilizidi za watu wazima. Njiani akamkabidhi ngoma.

"Chukua. Uikaushe juani ngozi yake isilegee, na nyimbo uzijue zote. Siku utakayoitwa chuoni wewe, babako atakuwa keshasahau haya, na mimi sauti imenikauka. Utajiimbia mwenyewe."

Mize akaigeuza ngoma mikononi. "Na asipocheka, shangazi?"

"Imba tena."