Amana Ndani ya Kompyuta ya Dativa

Mimi ni fundi cherehani, sijui kompyuta na sitaki kuijua. Lakini miaka minne nilikaa chumba kimoja na kompyuta ya Dativa pale Mtama, mimi upande wa mlango, yeye na lidude lake upande wa ukuta, kwa hiyo haki ya kulichukia ninayo.

Dativa alikuwa mpiga chapa wa ushirika. Walipoanza kupunguza watu, yeye alikuwa wa mwanzo mwanzo, na miaka yake kumi na saba kazini. Wenzake walinunua mabati kwa kiinua mgongo. Yeye akaenda Dar, akarudi na kompyuta ya mtumba na jenereta. Tukamcheka weee! Mwaka haujaisha tukawa tunapanga foleni kwake: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mialiko ya unyago.

Shida yake moja: hatupi kitu cha mtu. Karani wa korosho alileta disketi, akaingiza programu yake, akahamishwa, programu ikabaki. Wanakwaya wakaweka yao ya kuandikia nota. Mwingine mchezo wa karata. Kila moja ikaacha kipicha chake kwenye kioo, na Dativa hakuzipa majina ya kazi zake, alizipa ya wenyewe: Ya Karani, Ya Kwaya. Ile ya kuandikia iliyokuja na kompyuta yenyewe, yenye kioo cheusi, akaiita Ya Mwanzo. Ukitaka kimoja utafute kama pini kwenye vipande vyangu vya vitambaa, na wateja wanakodoa macho.

"Vifute basi, dada," nilimwambia.

"Moza, hiyo ni amana. Mwenyewe akirudi nitamwambia nini?"

Sasa asubuhi moja akaja Mzee Jerome, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Tukamwamkia, akaketi, akamwambia Dativa: "Niandikie wasifu wangu. Wa kusomwa siku ya kunizika." Mimi nikataka kutoka, akanizuia. Akasema, Dativa akachapa kwa ile Ya Mwanzo, ambayo vidole vyake viliizoea.

"Watoto wangu ni wanne," alisema. "Wa kwanza ni Romana, yuko Likawage. Nilimzaa kabla ya ndoa. Nyumbani hawataki kumsikia. Siku hiyo wamsikie."

Dativa akauliza achape nakala ngapi. Mzee akashtuka. Kuweka nyumbani maneno ya mazishi yako mwenyewe ni kujichuria! "Karatasi sitaki hata moja. Yakae humo humo mpaka nife."

"Nimeyapokea, baba," Dativa akasema.

Mwaka na ushei ukapita, ndipo kikaingia kiherehere changu. Nina mtoto wa dada yangu, Optatus, anafanya kazi ofisi moja Lindi, kompyuta anazijua. Siku Dativa yuko Lindi kununua wino, Optatus akanipitia. Nikamwambia, hebu tusafishie hili jalala. Akaweka programu ya kupangia programu nyingine: droo ndogo ndogo zimejipanga chini ya kioo, ukibonyeza moja, vilivyomo vinachomoza. Droo ya Ofisi, droo ya Muziki, droo ya Michezo. Zile zisizoguswa mwaka mzima akazing'oa. Kioo kikatakata, nami nikajiona wa maana.

Dativa aliporudi hakusema asante. "Ya Mwanzo iko wapi?"

"Ile ya kizamani, mama," Optatus akamjibu. "Lakini maandishi yako yote yapo, sijafuta hata herufi."

Na kweli hakufuta. Dativa akaliacha lipite, maana barua alikuwa anaandikia nyingine siku hizi. Hatukujua, sote watatu, kwamba maandishi ya Ya Mwanzo hayafunguki ila kwa Ya Mwanzo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa wapi waliposema?

Miezi miwili baadaye Mzee Jerome akafariki. Romana alifika alfajiri kwa lori, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, hakuna aliyemkaribisha ndani. Mazishi saa nane.

Dativa akawasha jenereta. Akabonyeza droo ya Ofisi, akafungua wasifu. Lahaula! Vidude vitupu, vijisanduku, alama za kuuliza, herufi kichwa chini. Akajaribu kwa programu nyingine, akajaribu mpaka kwa Ya Kwaya. Droo zile nzuri zikawa zinachomoza na kurudi, zinachomoza na kurudi, hazina msaada wowote. Nilitamani kulipiga pasi lile lidude.

"Moza, tafadhali, usiniongeleshe," Dativa akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikampa dereva wa basi barua ampelekee Optatus kule Lindi, aitafute ile Ya Mwanzo. Dativa akachapa vile vidude kama vilivyo, tukakimbia makaburini.

Tulikuta Benedikto, mtoto wa marehemu, anasoma wasifu wa baba yake alioandika yeye Benedikto. "Ameacha mjane na watoto watatu." Dativa, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akapaza: "Mzee aliacha maneno yake!"

Benedikto akaipokea ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Hii ndiyo lugha aliyofundishia baba?" Watu wakaziba midomo wasicheke. Wakaitwa watoto kuweka mashada. Wakaitwa watatu.

Romana alisimama mpaka udongo ulipojaa. Dativa akamfuata. "Dada, jina lako lipo, nililiandika mwenyewe. Mashine imelificha."

"Najua," Romana akasema. "Nimezoea." Akafunga kitambaa chake kichwani, akapanda lori la jioni la kwenda Nangurukuru, njia ya kwake Likawage.

Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, Optatus akaja na disketi. Programu ile ile ya kizamani, aliikuta kwenye kabati la ofisini kwao. Akaiweka. Dativa akabonyeza mara moja tu. Kioo kikawa cheusi, na maneno ya Mzee Jerome yakajipanga, hata nukta haikupotea. Nilitukana, Mungu anisamehe, maana ilikuwa rahisi kiasi kile.

Tukawahi matanga, watu bado wamekaa. Katekista akasoma. Mzee alitaja kila mtoto na la kwake, hata kovu la goti la Benedikto, la siku alipoanguka akiiba machungwa ya misheni. Benedikto akainamisha kichwa. Asili ya kovu lile aliijua yeye na baba yake tu.

"Mwanangu wa kwanza ni Romana," katekista akasoma. "Naomba aitwe wa kwanza."

Akainua uso. "Romana yupo?"

Watu wote wakageukia mkeka wa mlangoni. Benedikto naye akageuka. Ikabidi nijibu mimi.

"Alishaondoka juzi."