Fundi wa Kamba Aliyejifunza Kijapani

Jumanne iliyopita nilikuwa mpakani Horohoro nikisubiri basi letu likaguliwe, mtu mmoja wa Muheza aliyenitambua akanisogelea na kuniambia, "Bwana mwandishi, yule rafiki yako Mjapani tumemzika Jumamosi." Hakuwa Mjapani. Alikuwa Mbondei, mtoto wa wakulima wa michungwa, na jina hilo alipewa na wenzake kazini miaka ile ya hamsini kwa sababu nitakayoieleza. Nilimshukuru yule bwana, nikarudi kitini, na kabla machozi hayajafika nikajikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyekumbuka harusi. Wasomaji wangu wanisamehe. Marehemu huyu siwezi kumwandikia kwa huzuni tupu, maana kila nikimkumbuka moyo hunidunda kama siku ile ya kiwandani.

Tanga wakati huo ilikuwa mji wa mkonge, na mjini palikuwa na chuo kidogo cha jioni kwa watu wa kazi. Kilifundisha ufundi wa viwandani, na kusoma na kuandika kwa watu wazima. Mimi nilikuwa nikijifunza kazi ya maktaba: kuandika kadi za vitabu, kuvipanga, na kumsaidia msomaji apate anachokitafuta. Yeye alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kamba, ameshapita miaka thelathini, mikono inanuka grisi, na herufi hata moja haijui. Alijiandikisha darasa la kusoma akakaa benchi la mbele. Muhula haujaisha, tukitembea naye barabarani alikuwa anasoma kila kibao cha duka kwa sauti, mpaka mimi ndiye ninayeona haya. Mwaka uliofuata kiwanda chao kikanunua mashine ya kusokota kamba kutoka Japani, na fundi wa Kijapani akaja kuifunga. Mkuu wa chuo, mtu asiyeacha nafasi ipite, akamwomba atufundishe lugha yake kwa miezi atakayokuwapo. Tulianza wanane, wengi wetu kwa kutaka kuona maajabu. Baada ya wiki chache tulibaki wawili, mimi na yeye. "Kaka, herufi hizi hazina mwisho," nilimlalamikia jioni moja. Akanijibu, "Mdogo wangu, mwaka jana hata A kwangu ilikuwa hivyo hivyo."

Yule mgeni alipoondoka aliiachia maktaba kamusi yake kuukuu ya Kijapani na Kiingereza, nami nikaiandikia kadi. Miezi ikapita. Kisha mashine ile ikafunguliwa kusafishwa, na iliporudishwa ikawa inakata kamba kila baada ya dakika chache. Wakafungua, wakafunga, wapi. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijapani, na kurasa za Kiingereza zilieleza kuwasha na kuzima tu. Meneja akaandika barua Japani, akawatangazia wafanyakazi wa upande ule wakae nyumbani mpaka majibu yaje kwa meli. Wengi wao walikuwa watu wa mbali, wamekuja na wake na watoto kufanya kazi ya mkonge, wala hawakuwa na shamba la kurudia. Rafiki yangu akaenda kumwomba meneja kitabu. Meneja akamtazama akasema, "Wewe umejifunza kusoma juzi, leo utasoma Kijapani?" Akajibu, "Chote siwezi, bwana. Nitasoma panapouma."

Siku tatu mfululizo alikuja maktaba na kitabu kile akitoka kazini. Nilimwonyesha faharasa mwisho wa kitabu, tukafuata namba za picha mpaka tukafika kwenye mikono miwili ya chuma inayovuta uzi. Yeye alitambua umbo la herufi, tukaitafuta katika kamusi, mimi nikageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na yeye akaniambia kama maneno yale yana maana kwa mtu wa mashine au hayana. Siku ya tatu akaweka kidole kwenye herufi mbili zinazokaribia kufanana. Zote juu zina alama ya mkono. Chini yake moja ina alama ya kazi, nayo ni kushoto. Nyingine ina kisanduku, na kisanduku ni mdomo. Akaniuliza polepole, "Mkono na mdomo. Huu si ndio mkono wa kulia?" Tukatazamana. Watu wa ng'ambo ya bahari wameandika kulia kwao kwa namna ile ile sisi tulivyokutaja: mkono wa kulia chakula. Tulicheka mpaka msimamizi wa maktaba akatutoa nje.

Asubuhi nilifuatana naye kiwandani. Alifuta grisi kwenye mikono ile ya chuma, na kila mmoja ulikuwa umegongwa herufi ndogo ambayo mafundi waliidhani ni chapa ya kiwanda. Akainuka akamwambia meneja, "Mwenye mdomo kawekwa kushoto." Wakaibadilisha nafasi mikono ile. Mashine ikawashwa, kamba ikaanza kutoka, tukahesabu dakika tano, kumi, ishirini. Mama mmoja msokotaji aliyekuwa amesimama mlangoni akaweka mtoto mgongoni vizuri, akaingia akashika kazi yake bila kuambiwa.

Tangu siku ile wenzake walimwita Mjapani, ingawa cheti cha Kijapani hakukipata, kwani darasa lenyewe lilikwisha kabla ya mtihani. Lakini nimeona mengi tangu hapo. Nimeona vyuo vikubwa ambamo wanafunzi wa ufundi hawajui mlango wa maktaba uko upande gani, na watunza vitabu ambao hawajawahi kushika spana, kila mmoja akimwona mwenzake ni mtu wa dunia nyingine. Siku ile kiwanda kilifunguliwa na darasa la kusoma, faharasa, kamusi na spana kwa pamoja, na kimojawapo kingekosekana tungengoja meli.

Tulipokuwa tumeshazeeka nilimuuliza kama hakuwahi kuona haya kukaa benchi moja na vijana wa kuwazaa. "Niliona sana," akasema. "Ningengoja haya iishe ndipo nijiandikishe, ningekuwa nangoja mpaka leo." Basi wewe unayepita kila siku mbele ya tangazo la darasa unalolitamani, ukijiambia umri umekwenda, ingia ukajiandikishe ungali unaona haya.