Kasuku Niliyemlisha Makavu

Siku aliyonikabidhi Shangazi Zaina kasuku wake bado naiona, mwanangu, hata sasa macho yangu yakiwa yamechoka. Ilikuwa wakati wa Wadachi, hapa hapa Rumonge, miaka ile ugonjwa wa malale ulipokuwa ukipita kando ya ziwa nyumba kwa nyumba. Askari walikuja na daktari wao, wakatupanga mstari, wakatupapasa shingo mmoja mmoja. Walipofika kwa shangazi yangu, dada wa baba, vidole vilikaa pale pale. Tezi zilikuwa zimevimba. Akaambiwa afunge mzigo, kesho aende kambini kuchomwa sindano. Siku ya kurudi hakuna aliyeitaja.

Hakulilia nyumba wala shamba lake la mihogo. Alimlilia Kibwana.

Kibwana alikuwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema, na mume wa shangazi, Mzee Feruzi. Mzee Feruzi alikuwa mvuvi wa mukeke, samaki wa ziwa letu. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo, lakini sauti yake ilibaki mdomoni mwa yule ndege. Kila asubuhi Kibwana alikuwa akikohoa kikohozi cha marehemu, halafu anaita kwa sauti nzito: "Zaina! Weka chungu, nimekuja na mukeke!" Kisha anacheka kile kicheko cha Mzee Feruzi cha puani. Na shangazi, popote alipo uani, anamjibu: "Nimesikia, baba, nimesikia." Majirani walidhani anafanya mzaha. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilijua kwamba mzaha ulikuwa kidogo tu.

Jioni ile aliniketisha mbele ya tundu.

"Sikia vizuri, weye musomi. Asubuhi umupe chikichi mbichi, tatu ama ine. Mchana papai, ama ndizi. Baadaye majani ya lengalenga, uyaoshe kwanza. Mabaki uyatoe, yasichache mule ndani. Mahindi makavu iko ya kuchezea mudomo tu, si chakula."

"Na papai likiwa limeiva sana?"

"Umupe."

"Na kama lengalenga ina vidudu?"

"Yusufu, mutoto wangu, huyu ni ndege. Umupe, ale." Akanishika mkono, akaacha kucheka. "Ninakuachia sauti ya mume wangu. Unanielewa?"

Nikasema ninaelewa.

Sasa ujue, mwanangu, nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, na mwezi ule ule nilikuwa nimehitimu msahafu. Watu walinipikia pilau, wakaniita mwalimu kabla sijamfundisha mtu hata herufi moja. Kwa nje nilitembea taratibu kama mtu mwenye elimu. Kwa ndani nilitetemeka. Kila jambo nililigeuza mara kumi: nikitawadha nawaza kama maji yamefika kisigino, nikisalimia nawaza kama nimesalimia vibaya. Nilidhani ndiyo uchaji Mungu. Wengi wenu vijana mna tabia hii, nawaona, ndiyo maana nasema.

Siku za kwanza nilifuata maneno ya shangazi. Kibwana alikuwa akishika chikichi kwa mguu, anaimenya ile nyama nyekundu kwa ustadi wa fundi, na mafuta yanatapakaa kila mahali: kwenye fito za tundu, kwenye ukuta, kwangu. Papai analirusha. Na ndege anayekula mbichi, kinyesi chake ni maji maji, huruka mbali kuliko unavyotegemea.

Ijumaa ya pili niliingia msikitini na kanzu nyeupe. Rafiki yangu mmoja akaniangalia mgongoni, akaita kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia: "Eh, mwalimu mupya! Umetoka kuchinja ama umetoka kuzaa?"

Walicheka. Hata wazee wawili walificha midomo. Nilitoka mbio mpaka ziwani, nikafua kanzu, nikaifua tena, nikaanza kuwaza. Je, lile doa ni mafuta tu, au kuna kinyesi ndani yake? Kama ni kinyesi, basi ni najisi. Na kama ni najisi, sala zangu za wiki nzima zimekwenda wapi? Mwalimu wetu wa msahafu alikaa hatua mia kutoka nyumbani. Ningeweza kumuuliza. Lakini mtu aliyehitimu mwezi huo huo anaulizaje jambo la kinyesi cha ndege? Nikajijibu mwenyewe. Nikaamua: chakula kikavu. Mahindi na mtama. Kinyesi kinakuwa kikavu, kanzu inabaki nyeupe, na hakuna wa kunicheka.

Mama Nyandwi, mwanamke wa kijiji cha Kizuka aliyekuwa akituletea chikichi na mboga kichwani, alisimama mlangoni kesho yake na kikapu chake.

"Amahoro, Yusufu. Nikuwekee ngapi leo?"

"Leo sihitaji, mama."

Kesho kutwa akaja tena, nikamwambia vile vile. Mara ya tatu akateremsha kikapu chini.

"Huyu ndege amefunga Ramadhani?"

"Anakula mahindi. Ni chakula safi."

"Safi kwa nani?" akauliza. Hakungoja jibu. Akapandisha kikapu kichwani, akaenda zake huku akicheka. Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa limepata mahali pake.

Kilichofuata hakikuja kwa siku moja. Kwanza Kibwana aliacha kucheka, nikasema amechoka. Kisha manyoya yakapoteza mng'aro, akawa anapiga chafya, na ndani ya mdomo wake nikaona utando mweupe. Lile neno "mukeke" likawa linakwaruza. Baadaye alikohoa tu, na hicho hakikuwa tena kikohozi cha Mzee Feruzi, kilikuwa cha kwake. Ndipo nikaanza kuwaza upya: nikimrudishia matunda ghafla, je, hayatamuua? Nianze na papai au na majani? Na ikionekana nilikosea tangu mwanzo, nitasema nini? Wiki tatu nilizunguka katika maswali hayo, na kila asubuhi, nikiwa bado sijaamua, mkono wangu ulimwaga mahindi. Asubuhi moja sauti haikutoka kabisa. Nikakimbia Kizuka kwa miguu kumtafuta Mama Nyandwi, nikarudi na chikichi. Kibwana aliishika moja kwa mguu, akaigusa kwa ulimi uliovimba, akaiachia ianguke.

Siku ya nne baada ya hapo shangazi alirudi.

Alirudi mzima wa ugonjwa. Lakini aliongozwa kwa mkono na mwanamke mwenziwe wa kambini, maana macho yake yalikuwa yameingia giza. Kama ni malale yenyewe au ni dawa, hatukujua. Hakuuliza maji, hakuuliza mkeka. Alinyoosha mikono mbele, akafuata ukuta mpaka kwenye tundu.

"Kibwana. Nimerudi."

Akangoja. Akakohoa yeye mwenyewe, kama unavyomkumbusha mtoto somo, akasema polepole: "Zaina, weka chungu..." Ndege akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama kamba inayovutwa juu ya ubao.

"Ulimupa chikichi?"

"Nilimpa, shangazi."

Nilijiambia kwamba sikusema uongo, kwa sababu nilikuwa nimempa, siku za kwanza na hizi nne za mwisho. Yeye akaingiza mkono ndani ya tundu, akatafuta kibakuli, ambacho nilikuwa sijakimwaga, akasugua kilichomo kati ya vidole viwili.

"Mahindi," akasema.

Basi. Hakunitukana, hakunifukuza, hakuwaambia ndugu. Alikaa chini pale pale, na tangu jioni ile akawa anamenya chikichi mwenyewe kwa kucha, anaziponda, anamwekea Kibwana kwenye ncha ya ulimi.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kanzu iliingia doa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hili ziwa lilikuwa limekauka?"

Nikarudi nyumbani na swali hilo. Ninalo mpaka leo.

Kibwana alipona. Papai, majani, chikichi, kidogo kidogo utando ukaisha na manyoya yakarudi laini. Miezi mingi alikaa kimya, mpaka asubuhi moja, tukiwa uani, tukasikia mtu anasema ndani ya nyumba: "Ngoja kwanza. Ngoja, nifikirie." Ilikuwa sauti yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema mbele ya tundu lake katika zile wiki tatu, nami sikujua hata kama natoa sauti. Shangazi aligeuza uso upande ule, akafungua mdomo kwa mazoea ya kujibu, kisha akaufunga. Mzee Feruzi hakurudi tena. Shangazi aliishi miaka mingine tisa gizani, na kila asubuhi aliamshwa na woga wangu.

Mwanangu, umefuga ndege, na nimeona umemwekea punje kavu mpaka ukingoni mwa bakuli. Punje hazitoshi. Mpe kitu kibichi kila siku, cha rangi nyekundu na cha kijani. Kioshe, kikate vipande vidogo, na kabla jua halijawa kali toa alichobakiza. Atakuchafulia nyumba. Mwache aichafue, nawe uisafishe. Na ukikabidhiwa kitu na mtu anayekijua, fuata maneno yake kwanza, maswali yako yatasubiri. Usipojua, uliza, hata kama jana walikupikia pilau ya kuhitimu. Na ukishagundua umekosea, rekebisha siku hiyo hiyo. Mimi nilizipoteza wiki tatu nikitafuta namna ya kukosea bila aibu, na katika wiki hizo ndimo sauti ya mtu ilimoishia.

Mungu akuzungushie watu wa kuwauliza, na akupe ulimi mwepesi wa kuwauliza mapema. Akudumishie ndani ya nyumba yako sauti za unaowapenda, uzichoke kabla hazijakwisha. Amina.