Shikamoo ilivyotaka kuninyima mkataba wa raga

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mnaosoma mkiwa kazini, punguzeni mwanga wa simu bosi asiwaone. Haya yamenitokea mwenyewe na sijatia chumvi, aibu yake inatosha.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Sasa hivi nacheza raga Nairobi, tena nalipwa. Ndiyo, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao wengi mnadhani ni ugomvi uliowekewa refa.

Niliingia huko baada ya kufukuzwa timu ya soka ya mtaani.

Kosa langu nilikuwa nagonga watu. Wapinzani, wenzangu, siku moja mpaka mshika kibendera. Jamaa mmoja akaniambia, "Oya, kuna mchezo huo ujinga wako unapigiwa makofi."

Mwaka haujaisha nikaanza kutamba. Natembea nimetanua mikono, mama ananiuliza kama nina majipu kwapani.

Basi akaja kocha wa Nairobi kuangalia vipaji. Nafasi moja tu. Nikiikosa naenda kulima kwa baba mdogo Makurunge, na jembe alikuwa ameshaninunulia.

Tukacheza na timu ya Dar. Wenzetu walipungukiwa mtu, wakaomba mwenyeji mmoja awajazie. Mimi wala sikumwangalia usoni, nilikuwa busy kumkodolea kocha.

Mara huyo mwenyeji akachomoka na mpira. Mbele yake nimebaki mimi tu. Nainama nimvae, nikamtambua.

Mwalimu Kombo! Mwalimu wangu wa hesabu shule ya msingi. Fimbo zake nazikumbuka mpaka zilipotua. Kumbe raga aliicheza chuoni!

Wakuu, mwili uligoma. Nikasimama wima, mikono nyuma, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, hujambo?"

Anajibu huku anapita. Akaenda kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wetu, taratibu, kama anaweka chaki mezani. Try, yaani pointi tano zao.

Uwanja mzima kicheko. Kocha anauliza watu, "Huyu amemwambia nini?" Mimi naliona jembe.

Kipindi cha pili mwalimu akaja tena upande wangu. Naapa alinichagua. Nikafumba macho, nikamvaa kiunoni, tukaanguka wote, mpira ukamtoka.

"Samahani mwalimu," nikasema nikiwa bado nimemlalia.

Nafasi nikapata. Ila mama aliposikia nimemwangusha mwalimu, kesho yake alinipandisha bodaboda nimepakata kuku, nikaombe radhi.

Nikamkuta mwalimu barazani, goti limefungwa bandeji. Akampokea kuku, akanitazama.

"La kuniangusha halina radhi, ndiyo mchezo wenyewe. Ila ile mara ya kwanza, uliponipisha kama mgonjwa, iliniuma sana. Hiyo ndiyo uniombe radhi."

Nikamwomba. Siwafichi, machozi yalinilenga.

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyeingia uwanjani anataka umchukulie kama mchezaji. Siku hizi namvaa kwanza, salamu tunapeana tukiwa chini.

Haya, na nyie semeni, heshima iliwahi kuwaponza wapi? Msiniache nichekwe peke yangu.

Halafu najua mwalimu yumo humu kwa jina la bandia, anasoma kimyakimya.

Shikamoo mwalimu. Goti linaendeleaje?